Seva Ina Msimikaji, Haina Mlezi

Kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Mwanza, kuanzia Kirumba kupita Pasiansi hadi Ilemela, kuna maneno ambayo mteja huyasikia dirishani pa SACCOS, kaunta ya zahanati na duka la jumla la dawa: "Mtandao unasumbua, subiri kidogo." Mteja anatoa simu mfukoni, anaona ujumbe wa WhatsApp unaingia bila shida, anairudisha simu na kuendelea kusubiri. Mtandao mara nyingi hauna kosa. Kilichokwama ni kanzidata, yaani programu inayotunza majina, salio, bei na stoo, iliyokaa kwenye kompyuta moja ambayo kompyuta nyingine zote za ofisi huiuliza kila zinapohitaji jambo.

Nazungumzia taasisi ndogo na za kati. Benki kubwa, kampuni za simu na Serikali zina vyumba vya seva na watu wa zamu. Ukishuka chini ya hapo, hadi kwenye chama cha akiba chenye wanachama elfu mbili, shule binafsi ya bweni, au mfanyabiashara wa dagaa wa soko la Mwaloni anayepeleka mzigo Kongo, hali ni ya kufanana: seva ina aliyeilipia, ina aliyeisimika, na haina anayeilea. Malalamiko makubwa mawili, watu wasiostahili kuingia na mfumo kuwa mzito, hutajwa kama mambo mawili tofauti na hutafutiwa dawa tofauti. Mimi naona chanzo chake ni hicho kimoja. Seva inaweza kuandika yenyewe kila siku nani alijaribu kuingia na swali lipi lilichukua muda mrefu. Hakuna anayesoma.

Mashine yenyewe mara nyingi ni kompyuta ya kawaida ya mezani, iko chini ya meza ya mhasibu, pembeni ina UPS ambayo betri yake ilikufa zamani na sasa inafanya kazi ya soketi tu. Ndani yake utakuta ama XAMPP, kifurushi cha bure kinachobeba MariaDB, ndugu wa MySQL, ama SQL Server Express, toleo la bure la Microsoft. Zote ni programu nzuri. Lakini walioitengeneza XAMPP wanasema wazi kwamba ni ya mtu anayejenga na kujaribu programu kwenye kompyuta yake, haikukusudiwa kuendesha biashara. Na Express ina ukomo wake: katika matoleo ya 2016 hadi 2022, kanzidata moja haivuki gigabaiti 10, na kumbukumbu inayotumika kuweka data karibu haizidi megabaiti 1,410 hata ukinunua mashine yenye gigabaiti 64. Mwenye ofisi aliyeambiwa "ongeza RAM" amelipa pesa yake bure.

Nani ameingia?

XAMPP ikishasimikwa, mtumiaji mkuu wa kanzidata, anayeitwa root, hana nywila. Hilo linajulikana, na kwa kompyuta ya mwanafunzi halina neno. Tatizo ni kwamba kijana aliyeandika mfumo wa ofisi aliuandika kwenye laptopu yake ukiingia kwa root bila nywila, akauhamishia ofisini hivyohivyo, na sasa ukiweka nywila programu nzima inagoma. Kwa hiyo haiwekwi. Kisha, ili kompyuta za kaunta ziifikie, mipangilio iliyokuwa imefungwa kwa mashine moja inalegezwa, na hapo yeyote aliyeunganishwa kwenye Wi-Fi ya ofisi, akiwemo mgeni aliyepewa nywila ya Wi-Fi kwa ukarimu, yuko hatua chache kutoka kwenye daftari la amana.

Upande wa SQL Server mtumiaji mkuu ni sa, na historia yake inafundisha. Mei 2002 kirusi kilichoitwa Spida kilisambaa duniani kwa njia rahisi kabisa: kilitafuta seva zinazopatikana kwenye intaneti, kikajaribu kuingia kwa sa bila nywila, kikakubaliwa. Karibu miaka 15 baadaye, Januari 2017, yakawakuta wenye MongoDB, kanzidata ya aina nyingine. Makumi ya maelfu ya kanzidata zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na badala yake ukaachwa ujumbe wa kudai bitcoin. Waliolipa, wengi hawakupata kitu, kwa sababu mwizi hakuwa amechukua nakala yoyote, alifuta tu. Programu zile ni tofauti na miaka ni tofauti, lakini kosa ni lilelile: mpangilio wa siku ya kwanza uliobaki kuwa mpangilio wa siku zote.

Nimeshasikia mara nyingi swali hili: "Nani atatusumbua sisi wa Pasiansi?" Ni programu isiyojua Pasiansi iko wapi. Inazunguka anwani za intaneti moja baada ya nyingine, inagonga mlango namba 3306 wa MySQL, namba 1433 wa SQL Server, namba 5432 wa PostgreSQL, inajaribu root, sa, admin na nywila elfu kadhaa zinazopendwa. Ofisi iliyoungwa kwa ruta ya laini ya simu ina bahati kidogo, kwa kuwa kwa kawaida haifikiki moja kwa moja kutoka nje. Aliyekodi seva Ulaya hana bahati hiyo. Akiuacha mlango wa kanzidata wazi, majaribio huanza mapema sana. Na wa ofisini naye ana tundu lake: AnyDesk, programu ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, iliyowekewa nywila ya kudumu ili fundi wa Dar es Salaam aweze kuingia usiku kurekebisha. Fundi ameshaacha kazi, nywila bado ni ileile.

Ukitaka kuona habari zinazotolewa bure zinavyopuuzwa, angalia kosa namba 18456 la SQL Server, lile la kushindwa kuingia. Kwa aliyeko kwenye kaunta linaonekana la jumla tu, kwa makusudi, ili mwizi asijue amekosea wapi. Lakini kwenye daftari la matukio la seva yenyewe, mwisho wa mstari huo kuna namba ya hali. Hali ya 5 maana yake jina hilo halipo. Hali ya 8 maana yake jina lipo, nywila ndiyo si sahihi. Tofauti hiyo ni kubwa. Mistari mia ya hali ya 5 yenye majina ya kubahatisha ni mgeni anayepapasa. Mistari mia ya hali ya 8 yenye jina la mhasibu wako, saa nane usiku, ni mtu anayeijua ofisi. Au ni programu ya ripoti ambayo haikubadilishiwa nywila baada ya mhasibu kubadilisha yake, jambo linalotokea sana na kuwafanya watu wahangaike na wezi wasiokuwepo. Yote hayo yanajulikana kwa kusoma mstari mmoja, na SQL Server huandika majaribio yaliyoshindwa bila hata kuombwa.

Kuna suala la kushirikiana jina. Karani wa asubuhi, wa jioni na msimamizi wote wanaingia kama admin, na nywila imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila kila ukurasa umesainiwa na mtu mmoja asiye na uso. Ikitokea muamala umefutwa, hakuna wa kuulizwa, na chama kinaishia kuwashuku wote. Kumpa kila mtu jina lake na ruhusa za kazi yake tu, karani aandike malipo lakini asiweze kufuta jedwali, ni kazi ya siku moja. Haigharimu leseni. Inataka mtu wa kuamua kwamba ni kazi yake.

Ritifaa ya Kisukuma

Kanda ya Ziwa ina kipimo chake cha usalama, na inashangaza kwamba hakitumiki. Ni majina ya watu. Mwandikishe mwanachama anayeitwa Ng'wandu, au andika kwamba anatoka Ng'haya wilayani Magu, kisha bonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kama mfumo uliandikwa vibaya, utatoa kosa.

Sababu ni hii. Katika lugha ya SQL, neno hufungwa kati ya ritifaa mbili. Programu iliyoandikwa kivivu huchukua alichoandika karani na kukibandika katikati ya ritifaa hizo, ikatuma kwa seva: jina = 'Ng'wandu'. Seva inasoma ritifaa ya kwanza, inaona Ng, inakutana na ritifaa ya pili na kuamini jina limeishia hapo. Mabaki, wandu, inayachukua kuwa amri, na kwa kuwa hakuna amri ya namna hiyo inakataa. Karani hujifunza haraka: anaandika Ngwandu. Mwenzake wa tawi la Igoma anatumia alama iliyo chini ya kitufe cha Esc, inayofanana na ritifaa lakini siyo. Wa tatu ananakili kutoka kwenye Word ambako ritifaa imejipinda yenyewe. Mwanachama mmoja amekuwa watatu, na siku akija kuuliza salio anaambiwa hayumo.

Huo ni usumbufu. Hatari ni kwamba ritifaa inayoivunja amri kwa bahati mbaya inaweza kuivunja kwa makusudi. Anayejua SQL ataandika, kwenye kisanduku cha jina au cha nywila, ritifaa ikifuatiwa na sharti ambalo ni kweli siku zote, na mfumo utamfungulia bila nywila, au utamwaga orodha nzima ya wanachama. Udukuzi wa aina hii ulielezwa hadharani mwaka 1998, na katika orodha za OWASP za hatari kubwa za programu za wavuti za 2010, 2013 na 2017, kundi lake ndilo lililokuwa namba moja. Dawa inajulikana muda wote huo: programu itume swali peke yake na jina peke yake, ili seva isichanganye maneno ya mtu na amri. Kila lugha ya kuandikia programu inayotumika leo ina njia hiyo. Tena programu inayoingia kwa root au sa huufanya udhaifu huu mmoja kuwa funguo za nyumba nzima, ndiyo maana suala la ruhusa haliwezi kutenganishwa nalo.

Kwa hiyo, ukiletewa mfumo mpya wa kununua, mwombe muuzaji amwandikishe Ng'wandu mbele yako. Akitoa kosa, au akikwambia "hiyo alama usiweke", mwache aondoke na mfumo wake.

Mfumo mzito

Kwenye uzito wa mfumo, dawa ya kwanza inayopendekezwa karibu kila ofisi ni kununua mashine mpya. Ni dawa ya gharama na kwa kawaida inatibu miezi sita. Uzito wa kanzidata hutoka zaidi kwenye maswali inayoulizwa, yale mafundi wanayoyaita kweri, na namna data ilivyopangwa kuyajibu.

Jedwali la miamala lenye mistari milioni moja si kubwa kwa kanzidata yoyote ya leo. Lakini ukiuliza miamala ya mwanachama fulani, na safu ya namba ya uanachama haina faharasa, seva italazimika kusoma mstari mmoja mmoja hadi wa mwisho. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kugonga kila nyumba kuanzia Kirumba hadi Ilemela badala ya kumwuliza mwenyekiti wa mtaa. Faharasa ikiwepo, seva hushuka ngazi tatu au nne tu na kufika. Mfumo uliojaribiwa na wanachama hamsini ulikuwa mwepesi hata bila faharasa, ndiyo maana aliyeuandika hakuona kosa. Uzito umekuja polepole, mwaka wa pili, wa tatu, wakati yeye ameshalipwa na kuondoka.

Faharasa kuwepo hakutoshi. Swali lazima liandikwe kwa namna inayoweza kuitumia. Hapa kuna mambo ya kwetu ambayo vitabu vya nje haviyataji. La kwanza ni namba za simu. Mtu mmoja anaziandika zikianza na 07, mwingine 255, mwingine na alama ya kujumlisha. Aliyeunda jedwali akiifanya safu kuwa ya namba, sifuri ya mwanzo inapotea. Akiifanya ya maandishi, kisha programu ikauliza kwa kuiandika kama namba bila ritifaa, MySQL hulazimika kugeuza kila thamani ya safu kuwa namba ndipo ilinganishe, na faharasa inakaa bila kazi. Swali la kufumba na kufumbua linakuwa la sekunde kadhaa, na ukiangalia faharasa ipo palepale.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ni mbaya zaidi. Ina tarakimu 20, na mwanzoni ina mwaka wa kuzaliwa. Namba nzima kubwa kuliko zote ambayo MySQL inaweza kuitunza nayo ina tarakimu 20, lakini huanza na 18, na hivyo aliyezaliwa 1990 hatoshi humo. Ikitunzwa kama maandishi lakini ikaulizwa kama namba, ulinganisho hufanywa kwa desimali zisizobeba tarakimu zote, na watu wawili wenye namba zinazokaribiana wanaweza kuonekana mtu mmoja. Excel nayo, ambayo ndiyo njia ya kupitishia orodha katika ofisi nyingi, hubakiza tarakimu 15 tu na kuweka sifuri zilizobaki. Kitambulisho si namba ya kujumlisha wala kutoa. Kitunzwe kama maandishi, kiulizwe kama maandishi.

Jambo jingine ni utafutaji wa majina. Karani huandika Masanja na mfumo unatafuta popote neno hilo lilipo ndani ya jina kamili. Faharasa ya kawaida husaidia pale unapojua herufi za mwanzo. Ukianza swali na alama ya "chochote", imekwisha. Na hata ukipata jibu, Mwanza hii utaletewa akina Masanja wangapi? Kutafuta kwa namba ya uanachama ni kwepesi zaidi na ni sahihi zaidi, ila inabidi mwanachama awe na kadi na karani aiombe. Wakati mwingine marekebisho ya kanzidata yanaanzia kwenye kaunta.

Tarehe nazo. Ripoti inayouliza miamala ambayo mwaka wake ni 2024, kwa kuitoa tarehe mwaka kwanza, huilazimisha seva kukokotoa mwaka wa kila mstari. Ukiuliza kuanzia 1 Januari 2024 hadi kabla ya 1 Januari 2025, jibu ni lilelile na faharasa inafanya kazi. Hii inarekebishwa kwa dakika tano na mtu anayejua kutumia amri ya EXPLAIN, ambayo huieleza njia ambayo seva inakusudia kuipita kabla haijaipita.

Sasa wale wa seva za Ulaya. Kwenda na kurudi kutoka Mwanza hadi Ujerumani tuseme ni milisekunde 160. Hakuna anayeziona. Lakini kuna mifumo ambayo ili ionyeshe orodha ya wanachama 300 huuliza swali moja kupata majina, kisha swali moja la salio kwa kila jina. Programu ikiwa Pasiansi na kanzidata iko Ujerumani, maswali 300 kwa milisekunde 160 ni sekunde 48, na kila swali peke yake limejibiwa haraka. Ukisoma daftari la maswali mazito hutaona hata moja. Hapo kosa ni la programu kuuliza mara 301 jambo ambalo lingeulizwa mara moja, na hakuna mashine ya kununua itakayoliondoa.

Na daftari hilo la maswali mazito? Kwenye MySQL huja limezimwa, na hata ukiliwasha, kiwango chake cha awali cha "mazito" ni sekunde 10. Karani hawezi kusubiri sekunde 10 kwa kila mteja. Shusha hadi sekunde moja, subiri wiki, kisha soma maswali kumi yaliyojirudia zaidi. Kwa ofisi nyingi hapo ndipo nusu ya kazi inapoishia. Nusu nyingine ni mpangilio mmoja wa kumbukumbu: InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL tangu toleo la 5.5, hupewa megabaiti 128 za kuweka data karibu isipobadilishwa. Miamala milioni moja ya baiti 200 kila mmoja ni megabaiti 200, kwa hiyo data haienei hata kwenye mashine yenye gigabaiti 16 ambazo nyingi zake zimekaa bure.

Kuna uzito mwingine ambao huonekana mwisho wa mwezi tu. Mhasibu anatoa ripoti ndefu saa nne asubuhi wakati foleni imejaa, na SQL Server, kwa mipangilio yake ya awali, inaweza kuwafanya wanaoandika wamsubiri anayesoma. Dawa ni ratiba. Ripoti ile itolewe saa kumi na moja jioni.

Umeme, diski na bakapu

Kukatika kwa umeme kunabebeshwa lawama nyingi kuliko kunavyostahili. Kanzidata ya leo huandika kwanza kwenye shajara yake kile inachokusudia kubadilisha, ndipo ibadilishe, na umeme ukirudi huisoma shajara na kukamilisha au kutengua. InnoDB hufanya hivyo. Majedwali ya MyISAM, ambayo bado yamo kwenye mifumo ya zamani, hayafanyi, na ndiyo hayo hufa. Basi kabla ya kuilaumu TANESCO, angalia majedwali yako ni ya injini gani, na ubadilishe betri ya UPS. Badilisha pia ile betri ndogo ya saa kwenye ubao wa kompyuta. Ikifa, umeme unaporudi mashine huamka na tarehe ya miaka kadhaa nyuma na miamala ya leo inaandikwa huko.

Kosa linalowashangaza watu ni diski kujaa. Kwenye SQL Server, kanzidata ikiwa kwenye hali kamili ya urejeshaji na hakuna bakapu ya shajara inayochukuliwa, shajara hukua bila kikomo hadi inaposimama na kosa 9002. Data ni gigabaiti nne, shajara ni themanini. Wanaoifuta faili kwa mkono ili kupata nafasi wamewahi kupoteza vyote.

Kwenye bakapu, mfano mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa watu wenye ujuzi mkubwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, usiku, akijaribu kurekebisha seva ya akiba, alifuta folda ya data kwenye seva kuu. Karibu gigabaiti 300 zilikuwa zinaondoka. Alipozuia zilibaki kama 4.5. Wakageukia bakapu. Njia tano walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi au hazikuwahi kuwekwa. Ile ya kila siku ilikuwa imeshindwa kimyakimya kwa sababu chombo cha kuichukua kilikuwa cha toleo la zamani kuliko kanzidata, na barua pepe za kuarifu kosa zilikuwa zinakataliwa. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine. GitLab walieleza yote hadharani, jambo la heshima ambalo ofisi chache zingefanya.

Huku kwetu bakapu ikiwepo mara nyingi iko kwenye diski ileile ya seva, au kwenye flashi iliyochomekwa nyuma ya mashine ileile, tayari kuibwa nayo. Na karibu hakuna aliyewahi kuirudisha kwenye mashine nyingine kuona kama inafunguka. Ukiirudisha utagundua mengine: kwenye SQL Server, kwa mfano, watumiaji waliomo ndani ya kanzidata hupoteza uhusiano na majina ya kuingilia ya seva mpya, hata kama yameandikwa sawasawa, na watu wote wanakataliwa mlangoni. Marekebisho yake ni amri fupi. Ni afadhali kuijifunza Jumamosi tulivu kuliko Jumatatu asubuhi wanachama wakiwa nje.

Wapo wanaosema dawa ya haya yote ni kuhamishia kila kitu kwenye wingu. Wingu huondoa tatizo la UPS na la wizi wa mashine. Haliondoi root bila nywila, wala kweri mbovu, wala ritifaa. Na lina lake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya, na ofisi ambayo data yake yote iko ng'ambo haikuweza kumwambia mteja salio lake. Kwa SACCOS au zahanati ya saizi hii naona ni bora seva ikae ofisini, bakapu iliyofungwa kwa nywila iende nje kila usiku.

Gharama ya kuwa na mlezi ndiyo kikwazo kinachotajwa, na ni kweli zahanati moja haiwezi kumwajiri msimamizi wa kanzidata wa kudumu. Lakini kazi niliyoieleza, kusoma madaftari mawili, kujaribu bakapu, kufuta majina ya walioondoka, kuweka viraka vya usalama, haijazi wiki. Taasisi tano au sita za kata moja zinaweza kumlipa mtu mmoja kwa mkataba wa maandishi unaotaja kila kazi na tarehe yake. Vyuo vya Mwanza vinatoa vijana wa TEHAMA kila mwaka, na wengi wao huishia kuuza vocha na kufuta virusi kwenye flashi. Wanachokosa ni mwajiri anayejua cha kuwaomba.

Kisheria nafasi ya kuzembea imepungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Anayekusanya majina, namba za simu, vitambulisho na taarifa za afya za watu anatakiwa kusajiliwa na kuzilinda, awe kampuni kubwa au zahanati ya mtaani. Kusema "fundi ndiye anayejua" si utetezi mbele ya sheria hiyo, kwa kuwa wajibu ni wa taasisi iliyokusanya.

Ukiwa mjumbe wa bodi au mwenye biashara, kikao kijacho uliza mambo matatu: nani wote wanajua nywila kuu, ni lini mtu alisoma daftari la walioshindwa kuingia, na ni tarehe gani bakapu ilirudishwa kwenye mashine nyingine ikafunguka. Usipopata tarehe, usiidhinishe ununuzi wa seva mpya. Fedha hiyo mlipe mtu wa kuiangalia mliyonayo.